SAT na ACT: Mtihani Ambao Mtoto Anaweza Kuurudia

Mzazi aliyesoma Tabora, Kisumu au Bukavu anaijua mitihani ya mwisho. Kidato cha nne na cha sita chini ya NECTA ya Tanzania, KCSE ya Kenya, Examen d'État ya Kongo: nchi nzima inafanya karatasi moja, na matokeo yakishatoka yametoka. Ndiyo maana mtoto wa darasa la 11 huku Columbus au Houston akisema ana SAT, mtihani wa kuombea nafasi chuoni, mwezi ujao, nyumba nzima inaingia katika hali ile ile. Televisheni inazimwa, wageni wanaambiwa waje baadaye, mtoto anajifungia na madaftari yake ya biolojia na historia. Nia ni njema kabisa. Shida ni kwamba SAT haiulizi yaliyo katika madaftari hayo, na mtoto anachoka bure.

SAT haipimi kukariri masomo. Ina sehemu mbili tu, kusoma na kuandika kwa upande mmoja na hisabati kwa upande wa pili, kila moja ina alama 200 hadi 800, jumla 1600. Tangu Machi 2024 wanafunzi wa Marekani wanaufanya kwenye kompyuta, kwa saa 2 na dakika 14. Hufanyika mara kadhaa kwa mwaka na mtoto anaweza kuurudia. Vyuo vingi huchukua alama yake ya juu ya hisabati kutoka siku moja na ya kusoma kutoka siku nyingine, vikazijumlisha. Kwa hiyo jaribio la kwanza si hukumu. Anayefanya mwishoni mwa darasa la 11 bado ana Agosti na Oktoba za kurudia kabla ya kutuma maombi.

Kuna jambo moja la mfumo huu mpya ambalo kila mtoto anapaswa kulijua kabla ya kuketi. Kila sehemu imegawanywa mara mbili, na kompyuta hutazama alivyofanya nusu ya kwanza ndipo impe nusu ya pili, ngumu zaidi au rahisi zaidi. Aliyepewa rahisi hawezi kufika alama za juu kabisa, hata akipata yote. Basi umakini wake mkubwa uende kwenye nusu ya kwanza. Na asiache swali wazi. Ndugu waliofanya SAT kabla ya 2016 huwashauri wadogo zao waruke wasilolijua, kwa sababu zamani jibu baya lilikatwa alama. Sheria hiyo ilishaondolewa. Jibu baya halikati kitu, kwa hiyo hata la kubahatisha liwekwe.

Sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64. Vifungu ni vifupi, maneno 25 hadi 150, na kila kifungu kina swali moja. Hapa ndipo watoto wetu wengi wanapopoteza alama, na kwa maoni yangu ndipo wanapoweza kuzipata upesi zaidi, kwa sababu makosa yenyewe ni yale yale. Chukua alama za uandishi. Katika Kiswahili tunaandika "Mvua ilinyesha, tulikaa ndani," na hakuna anayeshtuka. Katika Kiingereza cha mtihani huu, sentensi mbili kamili zikiunganishwa kwa koma peke yake ni kosa. Panatakiwa nukta, nukta mkato, au koma pamoja na kiunganishi. Mtoto akilishika hilo moja, ataliona likirudi mtihani baada ya mtihani.

Upande wa upatanisho, Kiswahili kinamsaidia. Hakuna mtoto aliyelelewa na bibi yake Kigoma atakayesema "kikapu cha maembe yameanguka." Anajua bila kufundishwa kwamba kilichoanguka ni kikapu. Mtihani unapenda mtego huo huo: nomino moja mwanzoni, maneno mengi katikati, kisha kitenzi kinachopaswa kurudi kwenye nomino ya kwanza. Mwonyesheni kwamba kanuni hiyo anayo tayari. Na aliyesoma kwa Kifaransa katika shule za Wakongomani kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu asidhani miaka ile ilipotea, kwa kuwa msamiati mwingi wa kitaaluma wa Kiingereza una asili moja na Kifaransa.

Hisabati ni maswali 44 kwa dakika 70, na kikokotoo kinaruhusiwa mwanzo hadi mwisho. Kimoja kimo ndani ya programu yenyewe ya mtihani. Zaidi ya theluthi mbili ni aljebra ya ngazi mbalimbali. Mtoto hodari wa hesabu hujikwaa kwenye maneno. Tuseme klabu ya mazoezi inatoza dola 30 za kujiandikisha na dola 12 kila mwezi, na mtu amelipa jumla ya dola 126 kwa miezi m. Mlinganyo ni 30 + 12m = 126, na kupata m = 8 ni kazi ya dakika moja. Lakini mara nyingi swali litakuwa: 12 inawakilisha nini? Hapo hakuna cha kukokotoa, kuna kuelewa sentensi. Kwa hiyo mazoezi yake yawe ya hesabu za maneno kwa Kiingereza, akieleza kwa mdomo kila namba imetoka wapi.

ACT ni mshindani wa SAT, na vyuo vinavyotaka mtihani hupokea wowote kati ya hiyo miwili. Alama zake ni 1 hadi 36. Tangu 2025 imefupishwa na sehemu ya sayansi imekuwa ya hiari. Hata hiyo sayansi kwa sehemu kubwa ni kusoma majedwali na grafu. Afanye jaribio moja la kila mtihani nyumbani, kisha achague ule uliomkalia vizuri.

Kuhusu fedha, niseme wazi: hakuna haja ya familia kukopa kwa ajili ya masomo ya ziada kabla ya kumaliza vya bure. Programu ya Bluebook, ile ile ya kufanyia SAT, ina mitihani kamili ya majaribio, na Khan Academy inafundisha SAT bila malipo tangu 2015. Mwanafunzi wa darasa la 11 au 12 mwenye kipato kidogo nyumbani, kwa mfano anayepata chakula cha bure shuleni, anastahili kufanya SAT mara mbili bila kulipa, na vyuo vingi vitamsamehe pia ada ya maombi. Aliyesajiliwa na shule kuwa bado anajifunza Kiingereza anaweza kupewa nusu ya muda zaidi na kamusi ya maneno iliyoidhinishwa. Kwa SAT, hilo linapatikana katika mtihani unaofanyika shuleni siku ya masomo, si ule wa Jumamosi.

Na jina! Familia nyingi zilizopitia kambini zina jina moja kwenye hati ya kusafiria na jingine shuleni. Jina alilojisajilia mtoto lazima lilingane na kitambulisho chenye picha atakachobeba, la sivyo anaweza kurudishwa mlangoni. Likaguliwe miezi kabla.

Si kila chuo kinadai mtihani. Vyuo vikuu vya umma vya University of California havitazami alama hizi kabisa katika kupokea wanafunzi, ilhali MIT iliurudisha ulazima wake 2022, na Dartmouth ikafuata 2024. Orodha ya vyuo anavyovitaka mtoto ndiyo itakayoamua ajiandae kiasi gani, kwa hiyo ianze kuandikwa darasa la 10.

Wazazi wenzangu, ombeni miadi na mshauri wa wanafunzi mwezi huu. Mwulizeni kuhusu msamaha wa ada na tarehe ya mtihani wa shuleni. Kama Kiingereza kinawapa shida, semeni mapema kwamba mnataka mkalimani wa Kiswahili. Shule ya umma inawajibika kisheria kumleta, na hamlipi chochote.