Tovuti ya Kikundi Nayo Iwe na Sauti



Siku hizi vikundi kadhaa vya huku kwetu Kwale vina tovuti. Ndani utakuta picha, majina ya viongozi na ripoti ya mwaka. Ni vizuri. Lakini hebu tuulizane, nani anaisoma? Mara nyingi ni mfadhili, au mgeni aliyefikia hoteli ya Diani, au mwanafunzi wa chuo anayetafuta habari za utafiti wake. Yule mama wa kikundi ambaye kazi yake ndiyo imeandikwa humo, hana habari nayo. Pengine hakusoma sana, au macho yamechoka, au maandishi yenyewe ni ya Kiingereza tupu.

Ndipo inapoingia podikasti. Hiki ni kipindi cha sauti kama cha redio, ila hakingojei saa ya kurushwa. Kinawekwa kwenye tovuti, na msikilizaji anakifungua wakati wake mwenyewe. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 2004, na mwaka uliofuata kampuni ya Apple ikaviingiza vipindi hivi katika programu yake ya iTunes, vikaenea.

Wengine watasema, redio si ipo? Ipo, na ina kazi yake. Lakini mvuvi wa Msambweni anakwenda na maji, hafuati saa ya studio. Kipindi kikirushwa yeye akiwa baharini, kimempita. Cha kwenye tovuti kinamngoja mpaka arudi, na asipoelewa atakirudia mara tatu bila kumuudhi mtu.

Chukua mfano wa Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa Gazi na Makongeni. Tangu 2013 wanalinda mikoko ya hekta 117 hivi, na hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo inauzwa kwa wanunuzi wa nje. Fedha zimesaidia maji na shule, na wananchi wenyewe hushauriana zitumike vipi. Sasa, biashara kama hii si rahisi kuielewa. Hewa inauzwaje? Kwa nini bei inapanda au inashuka? Mambo haya mtu akiyasoma kwenye ripoti atasinzia. Lakini akimsikia jirani yake akiuliza na mweka hazina akijibu, kwa dakika kumi na tano, ataelewa, na siku ya mkutano atakuja na swali lake. Na aliyesema kitu mbele ya kinasa sauti hawezi baadaye kusema hakusema! Kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote, ingawa si kila kiongozi ataipenda.

Halafu kuna lugha. Chidigo na Chiduruma wengi wanazisema lakini wachache wanaziandika. Ukurasa wa maandishi utamlazimisha bibi aingie katika Kiswahili cha ofisini. Sauti itamwacha aseme kwake. Na watoto wetu walioko Mombasa, Oman au Saudia, na ndugu zetu Wadigo wa upande wa Tanga, watamsikia vilevile.

Gharama? Simu ya kawaida inatosha kuanzia. Chagua chumba chenye magodoro na nguo zilizotundikwa, maana ukuta mtupu unarudisha mwangwi. Usirekodi ufuoni wakati wa kusi, utapata upepo tu. Chini ya bati mvua ikinyesha, usijaribu kabisa. Faili pia isiwe nzito: sauti ya mazungumzo ikibanwa hadi kilobiti 32 kwa sekunde, dakika kumi na tano zinakuwa chini ya megabaiti nne. Asiye na bando atapata kwa jirani, kwa WhatsApp au kwa kadi ya simu, kama vijana wanavyopeana nyimbo.

Chini ya kila kipindi andika maneno machache: nani anazungumza, wapi, juu ya nini. Bila hivyo mitambo ya kutafuta habari kwenye intaneti haitajua kilichomo, na asiyesikia atakuwa umemfungia mlango. Ni afadhali kipindi kimoja kila mwezi kwa mwaka mzima kuliko vinne mwezi wa kwanza, kisha kimya.

Jambo la ruhusa lisichukuliwe kimchezo. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na sauti ya mtu ni mali yake. Ya mtoto, mzazi aulizwe kwanza. Zaidi ya sheria, yako mambo ya kaya ambayo wazee hawayatoi kwa kila mtu, na kitu kikishaingia kwenye intaneti hakirudi. Kwa hiyo ukimaliza kumrekodi mzee, kaa naye msikilize pamoja. Akisema sehemu fulani itolewe, itoe hapo hapo, kabla hujakipandisha.