Je, Wajua? Chuma kisichobeba presha

Lubumbashi ilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na viwanda vya madini hutumia boila na matangi ya presha. Je, wajua kwamba sahani ya chuma iliyochomelewa ndani ya tangi lenye presha ya bar 10 haibebi presha hiyo? Inasukumwa sawasawa pande zote mbili, nguvu zikafutana. Uzito ndio haufutiki: sahani ya duara yenye kipenyo cha mita 2 na unene wa milimita 10 ina karibu kilo 247! Kwa hiyo kwenye programu ya usanifu huingizwa kama mzigo, pamoja na kimo cha mahali sahani ilipo. Kinachosahaulika ni weldi, yaani mshono wa kuchomelea. Kanuni za ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, huiacha sahani yenyewe, lakini weldi inayoishika kwenye ukuta wa tangi haiachwi.