Wawili Kilwa Kisiwani: Pangeni Mfuko Kabla ya Mkoba

Ukitaka kujua kama wewe na mwenzi wako mnaelewana kweli, ulizaneni likizo itagharimu kiasi gani na nani atalipa nini. Nawafahamu wachumba waliokwenda kula raha ufukweni, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye aliyebeba pesa ya hoteli. Walirudi hawasemeshani. Walikuwa wamepanga nguo tu.

Ndiyo maana mwezi huu nawapeleka Kilwa Kisiwani. Huko hamwendi kwa kukurupuka, lazima mkae chini mzungumze.

Njia na majira

Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni takriban kilomita 300. Mnavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Mkifika Somanga, kijiji cha wavuvi, nyoosheni miguu na mtafute samaki. Nangurukuru mnakata kushoto kuelekea Masoko.

Masika msithubutu. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii pale Somanga, wasafiri wakakwama. Juni hadi Oktoba ndiyo kukavu. Angalieni pia kama Ramadhani haijaangukia likizo yenu, maana mchana chakula kitakuwa shida.

Mtaona nini?

Masimulizi ya kale yanasema kisiwa hiki kilinunuliwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Baadaye kikatajirika kwa dhahabu ya Sofala. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na kuusifu mji wake. Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa karne ya 11, bado una kuba na nguzo zake. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lina bwawa la pembe nane juu ya bahari. Hebu fikiria, karne ya 14! Tangu 1981 magofu haya pamoja na ya Songo Mnara ni Urithi wa Dunia.

Daftari la wawili

Laleni Masoko, mvuke asubuhi. Andikeni kila kitu: nauli, chumba, chakula, kibali cha kuingia magofuni (kinapatikana Masoko kabla ya kuvuka), boti na mtembezaji. Boti patanisheni kwenda na kurudi kabla hamjapanda. Ongezeni akiba ya dharura, na mbebe pesa taslimu.

Kisha kila mmoja aseme anachotaka. Wewe unataka historia, mwenzako anataka kulala hadi saa nne? Gaweni siku. Na kama kipato hakilingani, kuchangia nusu kwa nusu si lazima kuwe haki. Semeni mapema, aibu ya dakika tano ni nafuu kuliko kununiana siku nne.

Adabu ya mgeni

Kisiwani ni kijiji cha watu, wanavua, wanalima na kusali. Dada, beba kanga; kaka, acha kutembea kifua wazi. Mabusu yabaki chumbani. Salimia wazee kwanza, picha uombe baadaye.

Mkishindwa kuelewana kwenye daftari, ahirisheni mwezi mmoja, mrudi mezani. Husuni Kubwa imesimama karibu miaka 700, itawasubiri na nyie.