Rhino Charge: Injini mpya bila ekzosi yake ni usajili wa hasara

UNAWEZA kusajili straika wa mabao 20 kwa msimu, lakini kama viungo nyuma yake hawampi mipira, jamaa atabaki anazurura tu uwanjani. Kwenye magari ya porini mambo ni hayo hayo. Watu wanang'oa injini iliyochoka, wanaweka yenye nguvu, halafu ekzosi inaachwa ilivyo.

Sehemu inayoumbua kosa hilo haraka ni Rhino Charge, mashindano ya Kenya yaliyoanza mwaka 1989. Huku mwenye mbio siyo bingwa. Magari yanapewa saa 10 kupita vituo 13 porini, na anayeshinda ni aliyevimaliza vyote kwa umbali mfupi kuliko wenzake. Fedha zinazochangwa zilisaidia kujenga uzio wa umeme wa takriban kilomita 400 kuzunguka msitu wa Aberdare, uliokamilika mwaka 2009.

Kufupisha umbali maana yake ni kukatiza makorongo, mawe na vichaka. Kinachogongwa ni cha chini ya gari, na ekzosi imo.

Chukua Land Rover Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Injini yake ya lita 2.25 wengi huitoa na kuweka 200Tdi, dizeli ya lita 2.5 yenye turbo iliyokuja na Discovery mwaka 1989. Shida ni hapo kwenye turbo. Kwenye injini ya Discovery imekaa chini, jirani na chasisi. Kwenye ile ya Defender iko juu. Bomba la Series halifiki, la Discovery lilikatwa kwa ajili ya chasisi nyingine, na kiwanda hakikuwahi kutoa Series III yenye Tdi. Lazima fundi achonge.

Kazi yenyewe haitaki papara. Nati za zamani zilizoshika kutu zinamwagiwa mafuta ya kulegezea na kuachwa usiku kucha, maana studi ikikatikia ndani ya manifoldi, siku nzima imeliwa. Gasketi zinawekwa mpya. Bomba nalo linaongezwa unene. Turbo inataka kupumua, na wengi hutumia bomba la kati ya inchi 2 na 2 na nusu. Ukibakiza lile jembamba la zamani, joto linapanda na nguvu uliyoinunua inazibwa mlangoni.

Karibu na turbo kinawekwa kipande kinachonyumbulika. Injini hucheza juu ya raba zake, na bomba gumu lililobanwa huku na huku litapasuka tu. Kwa sababu hiyo hiyo bomba halichomelewi kwenye chasisi. Linaning'inizwa kwa raba.

Kabla ya kuchomelea, betri inachomolewa na mafuta yanawekwa mbali na cheche. Fundi anashikiza kwa nukta chache kwanza, kisha gari linarudishwa kwenye magurudumu yake. Tairi moja inapandishwa juu ya kifusi ili ekseli ipinde kama itakavyopinda porini. Bomba likigusa propela shafti, mpira wa breki au tanki, hapo bado linarekebishika. Likiwa limeshachomelewa lote, umeshafungwa bao la kujifunga.

Bomba linatokea nyuma ya gari au pembeni, siyo chini ya kabini. Moshi una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikivuja ndani, dereva anaumwa kichwa, anasinzia, na anaweza kufa. Kuvuja kunatafutwa kwa maji ya sabuni kwenye maungio injini ikiwa bado ya baridi. Povu likitoka, hapo pana tundu. Masizi meusi kwenye kiungo nayo yanasema hayo hayo. Baada ya safari ya kwanza, nati zinakazwa tena zikishapoa.

Hatari nyingine ni nyasi kavu. Zikinasa juu ya bomba lenye moto zinaweza kuwaka, na gari likaondoka na pori lake. Ndiyo maana bomba linawekewa bati la kukinga joto, chini ya gari panakaguliwa kila mnaposimama, na kizimamoto kinakaa mahali mkono unafika.

Wale wa Grogan jijini Nairobi na Gerezani pale Dar es Salaam kazi ya kukunja na kuchomelea bomba wanaijua. Mpelekee gari fundi likiwa na injini yake tayari, umwambie litapita wapi, na usimharakishe. Kule porini ukibaki kituo cha tano huku wenzako wanakwenda cha 13, hakuna benchi la kuita mchezaji wa akiba.