Kinga ya Mwili Inapougeukia Utumbo
Ndani ya utumbo huishi bakteria wengi wasio na madhara, na kwa kawaida chembechembe nyeupe za damu huwavumilia. Katika ugonjwa wa uvimbe sugu wa utumbo, uvumilivu huo hutoweka: chembechembe hizo hushambulia bila kukoma, nao ukuta wa utumbo huvimba na kupata vidonda. Mgonjwa huumwa tumbo, hukonda na huharisha, pengine damu, hata akadhaniwa kuwa na amiba. Ugonjwa huu hauambukizi. Kwa kuwa dawa zake hupunguza nguvu ya kinga ya mwili, ni lazima vipimo viondoe kwanza shaka ya maambukizi. Hivyo, mkazi anayeharisha damu, au aliyeharisha kwa majuma manne, asirudie dawa za dukani. Afike zahanati apimwe na, ikibidi, apewe rufaa.