Aliyerukwa na akili ni mgonjwa, seli si wodi yake

Usiku mmoja mtaani kwetu tuliamshwa na mayowe ya mama mmoja. Mwanawe, kijana mpole ajulikanaye na kila mtu, alikuwa hajalala siku tatu. Sasa alikuwa akivunja madirisha na kuzungumza na watu tusiowaona. Mmoja wetu alisema ni majini, mwingine akasema ni bangi. Wengine walikuja na kamba. Mwishowe polisi waliitwa, kijana akatiwa pingu na kulazwa seli hadi asubuhi. Alipofikishwa hospitali na kupimwa damu, alikutwa na malaria kali.

Hapo ndipo penye hatari. Malaria ikipanda kichwani, sukari ikishuka kwa mwenye kisukari, au homa ya uti wa mgongo, zote zaweza kumfanya mtu aonekane mwendawazimu. Hata mzazi aliyejifungua juzi anaweza kupatwa. Askari hana kipimo cha kutofautisha haya, na seli haina muuguzi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kuna nchi zilizolitafutia jambo hili jina: mahali pa usalama. Uingereza, kifungu cha 136 cha Sheria ya Afya ya Akili ya 1983 kinampa polisi uwezo wa kumchukua mtu aliyezidiwa na kumpeleka mahali pa usalama ili aonwe na daktari. Kwa miaka mingi mahali hapo palikuwa mara nyingi seli. Desemba 2017 sheria ilikazwa: aliye chini ya miaka 18 hatiwi seli kabisa, mtu mzima ni kwa nadra sana, na muda wa kumzuia ukapunguzwa kutoka saa 72 hadi 24. Mahali penyewe huwa ni chumba hospitalini: kitulivu, kisicho na kitu cha kujidhuria, na wauguzi wako macho usiku na mchana.

Kwetu je? Sheria yetu ya 1989 ilimruhusu polisi na hata chifu kumchukua mgonjwa wa akili, lakini ikamtaka amfikishe hospitali ya akili ndani ya saa 24 au muda unaofaa. Yaani polisi ni njia tu, hospitali ndiyo mwisho wa safari. Marekebisho ya 2022 yakazipa kaunti majukumu ya huduma hizi. Katiba nayo, kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Na Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Basi familia isimfiche mtu wake kwa kuogopa kesi.

Ndugu msomaji, likikufika, mtu mmoja anayeaminiwa na mgonjwa azungumze naye kwa upole. Ondoeni visu, tawanyeni watazamaji, wekeni kamba kando. Mpelekeni hospitali, idara ya dharura, na mchukue dawa anazotumia. Ikiwa amewashinda nguvu na polisi wameitwa, jamaa mmoja aandamane nao, aombe hospitali iwe ya kwanza. Shehe naye ana nafasi yake: Qur'ani yasomeka hata kando ya kitanda cha wodi. Dua haikatazi dawa.

Kwa wakuu wa kaunti zetu, kuanzia Lamu hadi Vanga, ombi ni dogo. Mombasa tuna wodi ya akili Port Reitz, lakini mgonjwa wa kijijini hawezi kusubiri safari ya mbali saa nane za usiku. Kila hospitali kubwa itenge chumba kimoja, na muuguzi aliyefunzwa awe zamu ya usiku. Yule mama alihitaji mlango wa kubisha. Alioupata ulikuwa wa chuma.