Muhula Ukiisha, Kiti Hubaki na Nani?

Katika Kiswahili, neno muhula hutaja muda wenye mwanzo na mwisho, kama vile muhula wa masomo au wa uongozi. Neno cheo halina mpaka huo: mtu huondoka, cheo hubaki. Makala hii fupi inakusudia kueleza yanayotokea pale muhula unapokwisha kabla ya kupatikana mtu mwingine wa kukishika cheo.

Mfano wa kwanza tunao hapa hapa Kamina. Wabunge wa jimbo la zamani la Katanga walichaguliwa mwaka 2006 kwa muhula wa miaka 5. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa katika majimbo 4, na Kamina ikawa makao makuu ya Haut-Lomami. Kwa kuwa magavana walikuwa hawajachaguliwa, Rais aliteua makamishna maalumu mnamo Oktoba 2015. Gavana alipochaguliwa Machi 2016, waliopiga kura ni wabunge wale wale wa 2006. Maseneta nao, waliochaguliwa Januari 2007, walikaa hadi 2019.

Je, walikuwa wamenyakua vyeo? Katiba ya 2006 haisemi hivyo. Ibara ya 105 humpa seneta miaka 5, kisha husema kwamba muhula wake huisha Seneti mpya inaposimikwa. Hapa pana miisho miwili: mmoja ni hesabu ya miaka, wa pili ni tukio. Ibara ya 70 nayo humbakiza Rais kazini hadi Rais mpya aliyechaguliwa asimikwe. Shabaha yake ni njema, yaani kuzuia ombwe. Lakini tukio lisipokuja, daraja lililojengwa ili watu wavuke hugeuka nyumba ya kuishi.

Tarehe 11 Mei 2016 Mahakama ya Katiba ilithibitisha kwamba Rais angebaki kazini. Muhula wa pili wa Joseph Kabila ulifikia kikomo Desemba 2016 bila uchaguzi. Hali hiyo watu waliiita kwa Kifaransa glissement, yaani kuteleza. Gharama yake haikuwa ya maneno tu: katika maandamano ya Septemba 2016 mjini Kinshasa, Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 53 waliouawa. Mapatano yaliyosimamiwa na maaskofu Katoliki tarehe 31 Desemba 2016 yalitaka uchaguzi ufanyike kabla ya mwisho wa 2017. Ulifanyika tarehe 30 Desemba 2018, na Félix Tshisekedi akaapishwa tarehe 24 Januari 2019.

Funzo hili linavihusu pia vyama vyetu vidogo, kama vile vya wanafunzi, vya walimu au kwaya. Kamati iliyomaliza muda haina budi kutunza fedha, funguo na daftari, kwani chama hakifi pamoja na muhula. Hata hivyo, kutunza si kutawala upya. Kwa hiyo inafaa kanuni itaje mambo matatu: kazi ambazo kamati hiyo yaweza kufanya, tarehe ya mwisho kabisa ya kuzifanya, na nani atakayeitisha mkutano endapo kamati yenyewe haitaki. Kanuni isemayo tu “hadi wapatikane wengine” humwachia aliyeketi kitini kuamua lini hao wengine watapatikana.